Picha ya Dakika Ishirini Zilizopita

Tarehe 19 Desemba 2011 ndege ndogo aina ya Piper PA-32 ilikuwa ikipita katika anga la Texas, Marekani, ikiwa na watu watano. Mbele kulikuwa na mvua kubwa. Rubani aliijua, kwani ndani ya ndege alikuwa na skrini iliyomchorea mvua hiyo kwa rangi, kwa kutumia picha zilizokusanywa na rada za ardhini na kurushwa hadi kwake kwa satelaiti. Alikuwa akijaribu kuikwepa. Karibu na mji wa Bryan ndege ikavunjikia angani, na hakuna aliyepona.

Miezi sita baadaye, Juni 2012, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari kwa marubani. Iliitaja ajali hiyo pamoja na ya helikopta ya kubeba wagonjwa iliyoanguka Tennessee mwaka 2010. Kwenye skrini za aina hii huandikwa umri wa picha: dakika moja, dakika tatu, dakika tano. Anayesoma "dakika moja" huamini kwamba mvua anayoiona ndivyo ilivyokuwa dakika moja iliyopita. Kumbe hesabu hiyo huanza pale kompyuta ya ardhini inapomaliza kuunganisha picha za rada nyingi kuwa picha moja. Kabla ya hapo kila rada imeshatumia dakika kadhaa kuzungusha antena yake na kupekua anga tabaka kwa tabaka, kisha data imesafirishwa, ikachakatwa, ikasubiri zamu yake ya kuunganishwa. NTSB ilisema mvua iliyochorwa inaweza kuwa na umri wa dakika 15 hadi 20 zaidi ya ule unaosomeka. Kwa muda huo wingu la radi huweza kuinuka, kukomaa na kuhamia mahali ambapo kwenye picha pameachwa peupe.

Suala hili lina uzito kwa sababu picha hizo ndizo marubani wanazozipenda. Anayerusha ndege hutaka ramani yenye rangi zinazosomeka kwa jicho moja la haraka, na hutaka njia yake, mvua, milima na ndege nyingine vikae pamoja mbele yake. Hutaka pia picha safi isiyo na ukungu. Ni matakwa ya haki ya mtu mwenye kazi nyingi na muda mchache. Lakini skrini inayopendwa si lazima iwe ndiyo inayomwongoza vizuri, na ushahidi wa jambo hilo upo.

Mwaka 2004 watafiti Dennis Beringer na Jerry Ball, wa taasisi ya tiba ya anga ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliyoko Oklahoma City, walichapisha jaribio lao kuhusu picha za rada. Marubani walionyeshwa mvua kwa viwango tofauti vya usafi wa picha, kuanzia ile ambayo kila kisanduku cha rangi kinafunika kilomita nane hadi ile ya kilomita mbili. Swali lilikuwa kama rubani ataendelea na safari au atageuka. Ilionekana kwamba picha safi zaidi huelekea kumtia moyo aendelee, akitumaini kuizunguka mvua au kupenya katikati ya mawingu. Sababu haiko mbali. Visanduku vikubwa huichora mvua kama ukuta, na mtu akiona ukuta hugeuka mapema. Picha safi humwonyesha vichochoro kati ya seli mbili za mvua, na kichochoro hualika. Tatizo ni kwamba kichochoro hicho kilikuwepo dakika nyingi zilizopita.

Marubani wa ndege kubwa wana kitu kingine, nacho ni rada iliyofungwa puani mwa ndege. Hiyo haisubiri satelaiti wala kompyuta ya ardhini. Inachokichora ni cha sasa hivi, na ndiyo maana wao huiamini kuliko picha nyingine yoyote. Kijani ni mvua nyepesi, njano ya wastani, nyekundu kubwa. Hata hivyo rada haioni mawingu, inaona maji. Matone ya mvua hurudisha mwangwi wenye nguvu, lakini mvua ya mawe iliyo kavu na chembe za barafu za vilele vya mawingu hurudisha mwangwi hafifu. Rubani akiielekeza antena juu mno, mawimbi yake hupita kwenye barafu na skrini hubaki na kijani kidogo, ilhali chini yake kuna dhoruba kamili.

Mtego wake mbaya zaidi ulijionyesha tarehe 4 Aprili 1977. Ndege ya shirika la Southern Airways, safari namba 242, aina ya DC-9, ilikuwa ikitoka Huntsville kwenda Atlanta. Kwenye rada marubani waliona sehemu iliyoonekana kuwa na unafuu, wakaielekea. Haukuwa unafuu. Mvua iliyokuwa mbele ilikuwa nzito kiasi cha kumeza mawimbi ya rada yasiweze kupenya wala kurudi, na pale yasiporudi skrini haina cha kuchora. Maji na mvua ya mawe vikazima injini zote mbili. Walijaribu kutua kwenye barabara katika mji mdogo wa New Hope, Georgia. Walikufa watu 63 waliokuwa ndani ya ndege na wengine tisa waliokuwa ardhini.

Somo hilo liliingia katika uundaji wa vyombo, ingawa kwa mwendo wa polepole. Baadhi ya rada za leo huchora upinde wa njano ukingoni mwa skrini kumwambia rubani kwamba upande ule mawimbi yamemezwa, na kwamba weusi anaouona ni kivuli. Alama hiyo haipendezi na inachafua ramani. Thamani yake ni kubwa kuliko ya rangi zote zilizobaki, kwa kuwa inakiri mahali ambapo chombo kimeshindwa kuona.

Halafu kuna ubishi wa zamani kuhusu upande wa juu wa ramani: uwe kaskazini, au uwe kule ndege inakoelekea? Yeyote aliyewahi kuzungusha simu yake akitafuta duka Kariakoo anaufahamu ubishi huu mwilini mwake. Ramani inayozunguka pamoja na ndege ni rahisi kuifuata, maana kilicho kulia kwenye skrini kiko kulia dirishani. Ramani yenye kaskazini juu humsaidia mtu kujenga picha ya eneo zima na kuongea na mwenzake kuhusu mahali. Mtafiti Anthony Aretz mwaka 1991 alipendekeza njia ya kati, kuiacha ramani itulie na kuichorea kabari inayoonyesha sehemu ambayo rubani anaitazama kwa mbele. Viwanda vikubwa vilichagua kutoa yote mawili. Kwenye Boeing kuna hali ya MAP, inayotazama mbele, na PLAN yenye kaskazini juu. Airbus nayo ina ROSE na ARC za kurushia ndege, na PLAN ya kukagua njia. Wengi hurusha kwa ile inayotazama mbele na kupanga kwa ile ya kaskazini.

Jambo la kuweka mvua, milima na vinginevyo kwenye ramani moja lina kikwazo ambacho abiria hakijui. Milima nayo huchorwa kwa kijani, njano na nyekundu, rangi zilezile za mvua. Kwa hiyo katika ndege nyingi za abiria haiwezekani kuviweka vyote viwili pamoja kwenye skrini moja, na kwenye viwanja vilivyozungukwa na milima rubani mmoja hufungua mvua huku mwenzake akifungua milima. Wengi pia hugawana umbali, mmoja akitazama maili 40 za mbele na mwingine 160. Wawili hao wanalazimika kuongea, na mazungumzo hayo yenyewe ni kinga.

Ramani za milima zilikuja baada ya vifo vingi. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa ikishuka kuelekea Cali, Colombia. Marubani walitaka kwenda kwenye kituo cha redio cha Rozo, ambacho kwenye ramani ya karatasi kilikuwa na herufi R. Ndani ya kompyuta ya ndege, R ilikuwa ya kituo kingine, Romeo, karibu na Bogotá. Mstari wa njia ukageuka kushoto, na ndege ikaufuata. Skrini ya ndege hiyo haikuwa na milima. Walikufa watu 159, wakapona wanne. Miaka miwili baadaye Kapteni Warren Vanderburgh, mkufunzi wa shirika hilohilo, alitoa mhadhara uliosikika duniani kote, akiwaonya marubani wasigeuke kuwa watoto wa majenta, yaani wafuasi wa ule mstari wa rangi ya majenta unaochorwa na kompyuta.

Siku hizi ramani imehamia pia kwenye kishikwambi. Kufikia mwaka 2013 American Airlines ilikuwa imeondoa mikoba ya karatasi yenye uzito wa takriban kilo 16 na kuwapa marubani wake iPad. Marubani walifurahi, na migongo yao ilifurahi zaidi. Tarehe 28 Aprili 2015 programu ya ramani iligoma kwenye vishikwambi hivyo na ndege kadhaa za shirika hilo zikachelewa kuondoka.

Tukirudi kwenye picha za mvua, Marekani ina rada za hali ya hewa zipatazo 160 zilizosambazwa nchi nzima. Afrika Mashariki haina mtandao mnene wa namna hiyo, na juu ya Ziwa Victoria ngurumo huinuka usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji. Vishikwambi vyenye picha za mvua vinauzwa kwa marubani wa ndege ndogo kama vinavyouzwa Texas. Anayekinunua kwa ajili ya safari za Mwanza, Kisumu au Entebbe, kabla ya kuuliza bei, amwulize muuzaji mambo mawili: picha hii inatoka kwenye rada ipi, na ule umri ulioandikwa umeanza kuhesabiwa wakati gani. Asipopata jibu, ajipange kuikwepa mvua kwa mbali, kama mtu asiye na picha kabisa.