Mpishi Ndiye Shahidi wa Jiko



Imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku, na wenyewe wakiwa ndani. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliwaeleza Masahaba kuwa moto ni adui, na akawaamrisha wauzime kila wanapolala. Katika mapokezi mengine ametajwa panya, anayeweza kuuburura utambi wa taa akawateketeza watu wa nyumba. Tunapoyasoma haya katika darsa, wengi huyachukulia kuwa ni habari ya zama za taa za mafuta. Sisi twaona kwamba yahusu zaidi zama hizi, kwa kuwa utambi ulikuwa mmoja, na leo mioto ya nyumba ni mingi.

Hebu tuziangalie nyumba zetu za Timbwani. Nyumba moja ina mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai ya alfajiri na mambo ya haraka, jiko la makaa kwa maharagwe na wali wa nazi, na chetezo cha kufukizia udi. Anayepika mahamri au viazi karai vya kuuza ana jiko jingine mlangoni. Yote hayo huwa katika vyumba viwili, na mara nyingi pazia ndilo linalotenga pa kupikia na pa kulala. Mseto huu haukuja kwa kupenda. Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, makaa yalipanda bei, watu wakakimbilia gesi. Julai 2021 gesi nayo ikatozwa ushuru wa asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, na ukaondolewa mwaka 2023. Kila bei inapopanda, mama wa nyumba hurudi kwenye jiko la zamani, na mitungi hukaa pembeni miezi bila kutazamwa.

Jiko bovu lina dalili zake, na wa kwanza kuziona ni yule anayelisimamia kila siku. Tuanze na rangi ya moto. Moto wa gesi ulio salama ni wa buluu, umetulia, na hausikiki sana. Ukigeuka njano, ukawa unarukaruka na kuacha masizi chini ya sufuria iliyokuwa safi, basi gesi haiungui sawasawa. Hapa pwani yafaa tutanabahi jambo moja. Chumvi ikidondokea kwenye moto, au uji ukifurika, moto huwa wa manjano kwa muda kwa sababu ya chumvi yenyewe, kisha hurudi. Hilo si tatizo. Tatizo ni manjano inayobaki siku nzima pamoja na masizi. Mara nyingi sababu ni matundu ya kichomeo yaliyoziba kwa mafuta na kutu, na kutu haituachi kwa upepo huu wa bahari. Kichomeo kikisha kupoa kitolewe, kisuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, matundu yazibuliwe kwa sindano, kisha kikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa.

Moto ukiwa dhaifu, huenda mtungi unakaribia kwisha. Wako wanaoulaza mtungi ubavu, au kuutia ndani ya beseni la maji ya moto, ili wapate chai ya mwisho. Twawaomba waache. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya maji. Mtungi ukilazwa, maji yale huingia kwenye rigyuleta iliyotengenezwa kupitisha hewa tu, na moto unaweza kuruka ghafla mbele ya uso wa mpishi. Kikombe kimoja cha chai hakina thamani hiyo.

Dalili ya pili ni harufu. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu yoyote. Ile inayofanana na yai viza hutiwa makusudi kiwandani ili watu waonywe. Basi anayeinusa na kunyamaza amelikataa onyo lililogharimiwa kwa ajili yake. Na pua huzoea. Aliyeshinda jikoni saa mbili huenda asinuse kitu, na mtoto anayetoka madrasa akanusa pale pale mlangoni. Mtoto akisema, asikilizwe.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini ikatoka kwa juu; hushuka sakafuni, ikatambaa chini ya kitanda na chini ya kabati, ikangoja cheche. Kwa hiyo harufu ikisikika, mtu afunge valvu ya mtungi, afungue milango na madirisha, awatoe watoto na wazee nje, wala asiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, kwa kuwa zote mbili hutoa cheche. Simu ipigwe nje. Seredani au kijiko cha makaa cha jirani kilicho karibu na mlango kiondolewe. Kisha hewa iachwe ipite mpaka harufu iishe kabisa.

Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ya povu la sabuni. Pakwa povu kwenye maungio ya rigyuleta, kwenye valvu, na kwenye mpira wote tangu mwanzo hadi mwisho. Panapotoa mapovu yanayokua ndipo penyewe. Ajabu ni kwamba bado wako wanaume wazima wanaotafuta gesi inayovuja kwa kiberiti, na huyo akipona amshukuru Mola wake mara mbili.

Mpira wa gesi una umri. Mingi ya ile mizuri imepigwa chapa ya tarehe. Ikipita, mpira ubadilishwe hata kama kwa macho waonekana mzima. Mpira uliokauka, ukapasuka ukikunjwa, au ulioguguniwa na panya (yule yule wa katika mapokezi!) haufungwi kwa utepe wala kwa kipande cha leso. Hutupwa.

Na hapa tungependa kusema na wanaume, hata kama gazeti hili husomwa zaidi na kina mama. Mama mmoja alituuliza baada ya darsa: yeye hunusa gesi kila usiku, na mumewe humwambia kuwa ni wasiwasi wake, na kwamba pesa za rigyuleta mpya zitapatikana mwisho wa mwezi, je, akinunua kwa pesa zake za mahamri bila kumwambia, amekosa? Tulimjibu kwamba hakukosa. Lakini swali lenyewe lilituhuzunisha. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, walipoeleza nafaka ya mke, waliviingiza vyombo vya kulia na vya kupikia miongoni mwa vitu vinavyomlazimu mume. Ikiwa chungu ni juu yake, basi rigyuleta isiyovuja nayo ni juu yake, kwa kuwa chungu kibovu hakiui mtu. Na katika mambo ya jiko mke ndiye shahidi aliyehudhuria. Mume aliyetoka alfajiri kuwahi feri na kurudi baada ya Isha hana ushahidi wa kuukata wake. Anaposema kuna harufu, jibu lake ni kusimama na kwenda kutazama.

Jambo la kununua mtungi nalo linahitaji jicho. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi kule Nairobi, gesi ililipuka mahali palipokuwa pakijazwa bila kibali. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mitungi inayojazwa vichochoroni huuzwa rahisi kidogo, na ndiyo inayokuja bila lakiri, na uzito wake haufiki. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe. Wa kilo 6 ukipimwa lazima upatikane uzito ule na kilo 6 juu yake. Muuzaji anayekataa kupima ameshajibu.

Tukija kwenye makaa, hatari yake ni ya namna nyingine, na twaiogopa zaidi kwa sababu haina harufu. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani na haikohozi mtu. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa safi tunayoihitaji, na mwili ukakosa pumzi hali mtu anapumua. Watu hudhani kuwa makaa yaliyokwisha kutoa moshi, yakawa mekundu, yamekuwa salama. La. Moshi umekwisha, sumu bado ipo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Msomaji atasema hizo ni dalili za malaria, na ndiyo maana hupotea. Tofauti ni hizi: homa haipo, wanaoumwa ni watu wote wa chumba kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wakakaa barazani, wanapata nafuu, wakirudi ndani hali hurudi. Katika Ramadhani, mpishi anayeumwa kichwa kila alasiri huambiwa ni saumu. Huenda ikawa ni saumu. Lakini kama jikoni pamefungwa na makaa yanawaka tangu adhuhuri, jambo la kwanza ni kufungua dirisha.

Wenzetu waliohamia Uingereza au Kanada, ambako tanuri hupasha nyumba nzima joto wakati wa baridi, hutueleza kuwa vyumbani mwao huwekwa kidude kidogo kinacholia sumu hii inapozidi. Anayeweza kuletewa na jamaa yake aletewe. Ni zawadi bora kuliko manukato. Asiyeweza, kidude chake ni dirisha.

Mahali tunapopaogopa kuliko pote ni chumba cha mzazi. Katika siku arubaini tumezoea kumweka mama na mtoto ndani, milango imefungwa kwa kuhofia upepo, na seredani chini ya kitanda kwa ajili ya joto na buhuri. Mila ya kumtunza mzazi ni njema, na hatuwakosoi mabibi waliotulea kwayo. Nyumba zao za makuti na udongo zilipitisha hewa kwa juu. Chumba cha leo ni cha mawe na saruji, kina dari na dirisha la kioo, na neti imeshushwa. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, naye hawezi kusema kichwa kinamuuma. Basi maji ya kukanda yachemshwe uani yaletwe yakiwa moto. Ubani na udi ufukizwe mlango ukiwa wazi, kisha chetezo kitolewe nje kabla mama na mtoto hawajalala. Joto lipatikane kwa nguo na shuka. Bibi akikasirika, aelezwe kwa adabu. Twajua ataelewa akitajiwa mjukuu.

Hivyo hivyo masika yanapoingia, nguo zisianikwe ndani juu ya seredani usiku kucha. Na mwenye mimba asikae juu ya moshi, kwa kuwa anachovuta humfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake, na miongoni mwao ni watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Mtu akikutwa amelegea au amezimia katika chumba chenye makaa, atolewe nje kwanza, kisha apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba palikuwa na jiko. Asipoambiwa, atatafuta malaria.

Limebaki la moto wenyewe. Karai la mafuta likishika moto, lisimwagiwe maji, kwani mafuta yatalipuka yakamrukia mpishi. Jiko lizimwe, karai lifunikwe kwa kifuniko au sinia, liachwe lipoe bila kuhamishwa. Mtungi ukiwaka kwenye mpira na valvu ikawa yafikika, mtu atie kitambaa kibichi mkononi aifunge. Kama haifikiki, atoke na watu wote, awaite majirani, apige 999 au 112. Tujue kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari kubwa, kwa hiyo kutoka mapema ndiyo salama.

Dera la nailoni na ncha za leso hushika moto upesi. Jikoni mikono ikunjwe, mtandio ufungwe nyuma, na vazi la pamba ni bora. Nguo ikishika moto mtu asikimbie. Ajitupe chini ajigaragaze, na aliye karibu amfunike kwa blanketi zito.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Bangili na pete zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, yai, unga na samli visipakwe, kwani hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvibandua. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata, na akiwa ni mtoto, au ameungua uso, mikono au sehemu kubwa ya mwili, apelekwe hospitali usiku huo huo.