Mtalii wa kifahari yuko tayari kulipia mazingira?

WAHENGA walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Visiwani Zanzibar msemo huo unapimwa kwa ndoo ya maji.

Mwaka 2012 taasisi ya Tourism Concern ya Uingereza ilitoa ripoti kuhusu vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilionyesha kuwa kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93.2 za maji kwa siku, nyumba ya wageni lita 686 kwa kila chumba, na hoteli ya nyota tano hadi lita 3,195 kwa chumba.

Tangu hapo wageni wameongezeka. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 538,000, na mwaka 2024 zaidi ya 730,000. Visima ni vile vile vya tabaka la matumbawe, ambavyo vikivutwa kupita kiasi huingiwa na maji ya chumvi.

Je, mtalii mwenye fedha analijali hilo?

Kusema na kutenda

Kwa maneno, anajali. Katika utafiti wa Booking.com wa mwaka 2024 uliohusisha wasafiri wa kila kipato, robo tatu walisema wanataka kusafiri kwa kujali mazingira zaidi.

Lakini likizo ina mambo yake. Mtu anayezima taa nyumbani kwake huacha kiyoyozi kikiwaka mchana kutwa hotelini, kwa sababu ameshalipa na amekuja kustarehe. Mwenye hoteli anayesubiri mgeni wa aina hii aombe kupunguziwa maji atasubiri sana.

Funzo la Chumbe

Hata hivyo, kusini magharibi ya mji wa Zanzibar kipo kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake wa matumbawe ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Kina vibanda saba tu vya wageni. Maji ni ya mvua yanayokingwa kwenye paa, umeme ni wa jua, na vyoo ni vya mboji visivyotumia maji. Hakuna kiyoyozi wala bwawa la kuogelea.

Pamoja na hayo, wageni hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja. Mapato huendesha hifadhi na ziara za mafunzo za wanafunzi wa Zanzibar, na baadhi ya walinzi wa mwamba walikuwa wavuvi.

Siri yake ni kwamba mgeni hawekwi njia panda achague kati ya starehe na mazingira. Kubana maji kumejengwa ndani ya nyumba yenyewe. Anachouziwa ni kitu adimu: bahari hai na kisiwa kisicho na msongamano.

Hata kwa hoteli za kawaida, namna ya kumwambia mgeni ina uzito. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa wageni walioambiwa kuwa wenzao wengi hurudia kutumia taulo walifanya hivyo zaidi kuliko walioombwa tu kuokoa mazingira.

Mkulima naye

Fursa hiyo haiishii kwenye maji. Watalii wanaolipa kutembezwa katika mashamba ya viungo wanaweza pia kufurahia kujua mchicha na nanasi vilivyo mezani vimetoka shamba gani. Lakini hoteli inahitaji mzigo wa uhakika kila siku na wa ubora ule ule. Mkulima mmoja mmoja hawezi. Kikundi chenye mkataba kinaweza.

Kwa mwekezaji, hatua za kuanzia zinajulikana: kufunga mita ya maji kila jengo, kujenga matangi ya mvua, na kuchuja maji ya kuogea ili yamwagilie bustani. Gharama hizo ziingizwe kwenye bei ya chumba, na mgeni aelezwe kwa fahari anacholipia.

Kisima cha kijiji kikishaingia chumvi, mwenyeji hatapona, na mgeni naye hatakuwa na sababu ya kurudi.