Kuiona Arsenal laivu England, lazima ulipe mara mbili

LONDON, ENGLAND

SHABIKI wa Arsenal anayeishi London akitaka kuwaona vijana wake laivu akiwa sebuleni, analipia kifurushi cha Sky Sports. Analipa kila mwezi, na si hela ndogo. Anadhani kamaliza. Kumbe bado. Kuna hela nyingine anadaiwa kwa mwaka (mwaka 2025 zilikuwa Pauni 174.50), nazo haziendi Sky wala Arsenal. Zinakwenda BBC.

Hata kama hiyo BBC haiangalii kabisa. Sheria ya Uingereza inasema anayetazama televisheni laivu, chaneli yoyote ile, iwe kwenye TV au simu, lazima awe na leseni. Ukinaswa huna, ni kesi ya jinai na faini yake inaweza kufika Pauni 1,000. Mwenye TV isiyo ya rangi ana nafuu, mwaka 2025 alikuwa akilipa Pauni 58.50. Ndiyo, wapo bado.

Huku kwetu king'amuzi kikikata, jamaa anavaa kandambili anakwenda kibanda umiza, yameisha. Kule kukwepa ni kosa, ndiyo maana leseni hiyo inawagawa watu kila inapopanda bei.

Wanaoipinga wana hoja. Mfagiaji wa ofisi na bosi wa benki wanalipa kiasi kilekile. Halafu wakimtazama Gary Lineker, aliyekuwa akivuta kama Pauni 1.35 milioni kwa mwaka, hasira zinapanda. Machi 2023, BBC ilipomweka pembeni kwa alichoandika Twitter kuhusu sera ya wakimbizi, Ian Wright na Alan Shearer nao wakagoma. Match of the Day ikaruka kwa dakika 20 tu, bila mtangazaji wala mchambuzi. Leseni ilibaki bei ileile.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio unaomgusa shabiki asiye na kitu.

Match of the Day ilianza Agosti 22, 1964, Liverpool ikiichapa Arsenal 3-2 pale Anfield. Mwaka 1992 ilipozaliwa Ligi Kuu England, Sky ikamwaga mkwanja na kuzibeba mechi za laivu. BBC ikaambulia mabao ya usiku wa Jumamosi. Kwa asiye na hela ya Sky, usiku huo ndio ligi yake. Februari 1, 2020, Mbwana Samatta alipoifungia Aston Villa kule Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye ligi hiyo, shabiki wa Villa asiye na kifurushi alimsubiri hapo.

Kisha kuna mechi kubwa. Sheria ya mwaka 1996 inataka Kombe la Dunia, Euro na fainali ya Kombe la FA zipatikane kwa chaneli za bure. Julai 31, 2022, Chloe Kelly alipoifungia England bao la ubingwa wa Euro ya wanawake dhidi ya Ujerumani, watu milioni 17.4 walikuwa wameganda BBC One.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo inalazimisha chaneli za bure zipewe nafasi ya kununua. Haizipi hela ya kununulia. ITV inaishi kwa matangazo ya biashara. BBC ikikauka mfuko, nafasi ipo lakini mnunuzi hayupo. Waulize wapenzi wa gofu: mashindano ya The Open yalikaa BBC miaka 60, mwaka 2016 yakahamia Sky.

Hata Mswahili yumo. Tangu Aprili 2014, mzigo mkubwa wa BBC World Service, ikiwamo Idhaa ya Kiswahili, ulitolewa Wizara ya Mambo ya Nje ukawekwa kwenye leseni. Salim Kikeke alipokuwa akiwapa watu wa Dar na Mombasa habari za Ligi Kuu England, taa za studio zilikuwa zikilipiwa na shabiki yuleyule wa Arsenal anayenung'unika.

Kuifuta leseni na kuifanya BBC iuze vifurushi ni kutengeneza Sky nyingine. Kinachouma ni kiwango kimoja kwa wote, na hilo lina dawa. Finland tangu 2013 inakata kodi ya shirika lake la Yle kulingana na kipato, mwenye kipato kidogo haguswi. Ila kila mtu anabeba mzigo wa saizi yake.

Hati ya kifalme inayoiendesha BBC inakwisha Desemba 31, 2027, katikati ya msimu. Mkataba wake wa kuonyesha mabao ya Ligi Kuu unakwenda hadi 2029.