Lori Likiharibika Njiani Kwenda Nanenane: Anza na Ng'ombe, Injini Baadaye

Nanenane inakaribia, na simu ninazopokea siku hizi nyingi ni za kuandaa ng'ombe wa mashindano: kumwogesha, kumzoesha kamba, kumlisha. Hakuna anayeniuliza: lori likiharibika njiani tutafanyaje? Arusha mpaka viwanja vya Nzuguni, Dodoma, kupitia Babati na Kondoa, ni zaidi ya kilomita 400. Kwa umbali huo pancha au rejeta kuchemka si jambo la kushangaza.

Gari likisimama, watu wote hukimbilia kwenye injini. Hapo ndipo tunapopoteza mifugo. Lori likitembea, upepo ndio unaompoza ng'ombe. Likisimama juani na turubai limefunga pande zote, joto linapanda haraka. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa anaumia mapema, maana mwili wake wenyewe unazalisha joto jingi. Fundi anaweza kuchelewa saa nne, ng'ombe hawezi kuzisubiri. Kwa hiyo gawaneni kazi: dereva ashughulike na gari, wewe na msaidizi wako shughulikieni wanyama.

1. Usalama wa barabarani. Kama gari bado linasukumika, litoeni nje ya lami. Wekeni pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, mbali na gari.

2. Hewa na kivuli. Fungua turubai pembeni, la juu libaki kuwa kivuli.

3. Hesabu pumzi. Tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Zikizidi 60 kwa dakika, joto limeanza kumzidi. Zikifika 80, mdomo wazi na mate yanatiririka, hiyo ni hatari. Mmwagie maji shingoni, mgongoni na miguuni, huku hewa ikipita. Ukimmwagia ndani ya lori lililofungwa unamtengenezea mvuke tu.

4. Maji ya kunywa. Ng'ombe wa maziwa kwenye joto anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku. Dumu moja la lita 20 halitoshi hata ng'ombe mmoja. Beba madumu ya kutosha na ndoo.

5. Aliyelala. Akilala kifudifudi, miguu chini ya mwili, sawa. Akilala ubavu kabisa, mwinue au mgeuze mara moja, gesi ya tumboni inaweza kumuua. Kamba isiwe fupi ya kumnyonga.

6. Kukamua. Saa ya kukamua ikipita, kiwele kinajaa na kuuma, na ugonjwa wa kiwele unapata nafasi. Nawa mikono, kamua humo humo garini.

7. Usishushe ovyo. Ng'ombe akiruka kutoka kwenye bodi anaweza kuvunjika mguu, na akikata kamba anaingia barabarani. Kama lazima mhamie lori lingine, tafuteni kingo ya udongo au kipakilio cha mnada wa karibu, mpitishe mmoja mmoja, mpole atangulie. Na usimwachie achunge kando ya barabara! Ng'ombe wa kulishiwa bandani hajazoea kupe wa pale. Ndigana kali hujitokeza wiki moja hadi tatu baadaye, ukiwa umeshasahau safari.

La mwisho ni gumu. Kuna mfugaji niliyemsindikiza, tukakwama mbele ya Kondoa tangu saa sita mchana hadi jioni. Tulipofika, ng'ombe wake bora, tegemeo lake la ushindi, alikuwa bado anahema sana na hali chakula. Mwenyewe akaamua asimwingize ulingoni. Iliuma, maana alikuwa amemwandaa miezi. Lakini yule ng'ombe ndiye anayelipa ada za watoto wake, na alirudi nyumbani mzima. Zawadi ya Nanenane haifikii bei ya ng'ombe aliyekufa.

Kabla ya kuondoka: ondokeni alfajiri, kagueni rejeta, mkanda wa feni na tairi la akiba, bebeni jeki inayoweza kuinua lori lenye mzigo. Kibali cha kusafirisha mifugo kikae mkononi, na namba ya daktari wa mifugo wa kila wilaya mnayopita iwe kwenye simu mbili, moja ikizima.

Tukutane Nzuguni. Mwenye swali aniulize sasa, siyo akiwa kando ya barabara.