MELI ILIYOUZWA KWA PAUNI MOJA

Swali langu la kwanza ni la hesabu. Mwaka 1974 pauni moja ya Uingereza ilikuwa kama shilingi 17 za Kenya. Je, pesa hizo zingekununulia nini? Sukari, labda, na majani ya chai, ubaki na chenji ya mandazi. Basi tarehe 8 Agosti mwaka huo, huko Uskoti, chama cha wapenzi wa meli za kale kilinunua kwa pauni moja meli nzima ya abiria yenye urefu wa mita 73, pamoja na injini yake, dohani zake mbili na kutu yake yote. Jina la meli hiyo ni Waverley.

Usicheke bado. Ukipewa tembo bure, shida yako ya kwanza ni majani.

Huenda mtu akaniuliza, "Kwa nini utupeleke Uskoti na sisi tuna maziwa na bahari yetu?" Jibu ni kwamba Waverley ilitengenezwa Glasgow, kando ya Mto Clyde, na meli nyingi za Ziwa Victoria zilitoka pande hizo hizo. SS William Mackinnon, iliyoelea Kisumu mwaka 1900, iliundwa Paisley, mji ulio jirani na Glasgow. Ililetwa vipande vipande, na kwa kuwa reli ilikuwa haijafika Kisumu wakati huo, mwendo wa mwisho vipande vilibebwa na watu. MV Victoria na MV Uhuru, za miaka ya 1960, ziliundwa papo hapo Glasgow na kuunganishwa Kisumu. Kwa hiyo Waverley ni binamu wa meli zetu, na habari za binamu si umbea.

Tuanze na kazi yenyewe. Zamani watu wa Glasgow, wengi wao wafanyakazi wa viwanda, walipopata likizo walipanda treni hadi gatini, kisha meli ikawapeleka kwenye vijiji na visiwa vya chini ya mto. Reli na meli zilikuwa mali ya kampuni moja. Kampuni hiyo ilikuwa na mapenzi makubwa na mwandishi Walter Scott, hata ikazipa meli zake majina kutoka katika vitabu vyake. Waverley ni riwaya yake ya mwaka 1814. Hebu fikiria feri ya Likoni ikiitwa MV Siku Njema! Mimi ningeipanda kila wiki.

Kulikuwa na Waverley nyingine kabla ya hii, ya mwaka 1899. Ilipelekwa vitani, na tarehe 29 Mei 1940 ndege za Wajerumani ziliizamisha ilipokuwa ikiwaokoa wanajeshi huko Dunkirk, Ufaransa. Waverley ya sasa ilishushwa majini Oktoba 1946 na kuanza kubeba abiria Juni 1947, ikichukua nafasi ya marehemu. Lakini magari yalizidi kuongezeka, watu wakataka feri za kubeba magari, na wengine wakaanza kwenda likizo kwa ndege. Msimu wa 1973 ulipokwisha, kampuni ya serikali iliyoirithi ikaona meli hii inakula kuliko inavyozalisha.

Sasa, ni meli ya namna gani? Haina pangaboi nyuma kama meli tunazozijua. Ina magurudumu mawili makubwa, moja kila ubavu, na kila gurudumu lina vibao vinane vya mbao ngumu. Magurudumu yakizunguka, vibao vinayapiga maji nayo meli inakwenda. Kuna ujanja hapa. Kama vibao vingekuwa vimekazwa tu, kila kimoja kingeyapiga maji kofi kikiingia na kuyainua bure kikitoka. Kwa hiyo vimefungwa kwa vyuma vinavyovigeuza kidogo kidogo, ili kila kibao kiingie na kutoka majini kikiwa karibu wima, kama kafi mkononi mwa mvuvi hodari.

Injini ndiyo inayonivutia zaidi. Ina silinda tatu zilizolala kimshazari. Mvuke ukitoka kwenye boila unaingia kwanza katika silinda ndogo, unaisukuma pistoni, halafu hautupwi. Unapelekwa silinda ya pili iliyo kubwa zaidi, kwa sababu nguvu yake imepungua na unahitaji nafasi ya kutanuka. Kutoka huko unakwenda ya tatu, kubwa kuliko zote. Mwishowe unapozwa, unakuwa maji, na maji yanarudishwa boila kuchemshwa tena. Jungu kuu halikosi ukoko, na mvuke nao ni hivyo hivyo. Pistoni zote tatu huzungusha shafti moja, na magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye shafti hiyo. Maana yake ni kwamba gurudumu la kushoto haliwezi kwenda mbele huku la kulia likirudi nyuma. Nahodha anapokaribia gati lenye upepo hawezi kuizungusha meli pale pale ilipo. Lazima aanze kufikiria mapema, la sivyo gati litamfundisha adabu.

Abiria wa Waverley hupita kwenye ujia kando ya injini hiyo na kuiona wazi ikifanya kazi, chuma kikimeta kwa mafuta. Watoto husimama hapo hata wakasahau bahari iliyo nje.

Turudi kwenye pauni moja. Chama kilichoinunua, kilichoundwa mwaka 1959 kulinda meli za aina hii, kilikuwa cha watu wa kujitolea. Walikuwa na kazi zao za kila siku na mapenzi yao. Waliouza walitarajia kwamba meli itafungwa mahali iwe makumbusho, watu waje kuitazama na kula keki. Hapo ndipo wale watu waliponishangaza. Walikataa. Walisema itatembea.

Kukafanywa harambee. Mji wa Glasgow na majirani wakachanga, na wananchi wa kawaida nao wakatoa kidogo kidogo. Katika miezi ya baridi ya 1974 na 1975 watu wa kujitolea walipanda melini wakiwa na nyundo ndogo, vyuma vya kukwangulia na burashi, wakabandua kutu na kupaka rangi. Kubandua kutu si kazi ya kupigia picha, bwana. Unagonga, vumbi la kahawia linakuingia puani, unasogea hatua moja, unagonga tena. Kazi za boila na injini ziliachiwa mafundi wenye ujuzi, maana mvuke wenye nguvu ukikosewa hausamehi mtu. Tarehe 22 Mei 1975 Waverley ilitoka gatini ikiwa na abiria.

Je, haikuwa salama zaidi kuifunga? Wengi hudhani kutembea ndiko kunakomaliza meli. Kunaichakaza, kweli. Tarehe 15 Julai 1977 Waverley iligonga miamba karibu na mji wa Dunoon. Abiria waliokolewa, meli ikatengenezwa na kurudi kazini msimu ule ule. Lakini meli inayotembea hukaguliwa kila mwaka, kwa sababu sheria haimruhusu mtu kubeba abiria bila cheti. Inaingizwa gudini, tumbo lake linatazamwa, palipochakaa panabadilishwa. Mafuta yanapita ndani ya injini, na kijana anamtazama mzee akiivuta mikono ile ya chuma mpaka anaijua. Meli iliyofungwa haikaguliwi na mtu. Maji ya mvua yanajikusanya mahali pasipoonekana, na fundi aliyeijua anastaafu na ujuzi wake kichwani.

Ushahidi upo kilomita chache tu kutoka Glasgow, katika ziwa liitwalo Loch Lomond. Ndilo ziwa pana kuliko yote katika kisiwa cha Uingereza, kilomita 71 za mraba. (Ziwa Victoria lingelimeza zaidi ya mara 900, lakini tusimcheke jirani.) Mwaka 1953 kiwanda kile kile kilichounda Waverley kiliunda meli nyingine ya magurudumu, Maid of the Loch. Mto unaotoka ziwani hauwezi kupitisha meli kubwa hivyo, basi ikaundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande, vipande vikapakiwa kwenye treni hadi Balloch, na huko ikaunganishwa upya. Mtu wa Kisumu akisikia hivyo atasema, "Hiyo naijua!"

Maid of the Loch ilifanya safari yake ya mwisho mwaka 1981, kisha ikafungwa gatini. Haikuzama wala haikugonga mwamba. Ilikaa tu. Ndani ya miaka kama kumi rangi ikaanguka, vioo vikavunjwa na wahuni, sitaha ikaoza. Miaka ya 1990 watu wa kujitolea walipoingia, walikuta kazi kubwa kuliko ile ya Waverley mara nyingi, ingawa meli yenyewe ni ndogo na changa zaidi. Wale wa Waverley walihitaji majira ya baridi moja kuirudisha majini na abiria. Wa Maid of the Loch wamezeeka wakibandua kutu.

Sisemi kwamba Waverley imeponea hapo. Kati ya 2000 na 2003 ilifanyiwa matengenezo makubwa mno, kwa sehemu kubwa kutokana na fedha za bahati nasibu ya taifa zilizotengwa kwa mambo ya urithi. Mnamo Mei 2019 boila zake zikaonekana hazifai tena, na msimu mzima ukapotea. Harambee nyingine ikaitishwa, mara hii ya pauni milioni 2.3. Serikali ya Uskoti ikatoa milioni moja, na zilizosalia zikatoka kwa watu. Ili kuzitoa boila za zamani ilibidi sitaha ifunguliwe na dohani ing'olewe. Agosti 2020 meli ikarudi majini. Ikiwa na boila mpya, vyuma vipya na mbao mpya, je, ndiyo ile ile? Mwenzangu mmoja chamani alishikilia kwamba siyo. Mimi nilimwuliza kama nyumba ya makuti ya nyanya yake, inayoezekwa upya kila baada ya miaka michache, imekuwa ya mtu mwingine. Injini ni ile ile ya 1947, na inasemekana kote kwamba ndiyo meli ya mwisho duniani ya aina hiyo inayobeba abiria baharini.

Mwaka huo huo wa 2020, binamu yake MV Victoria alirudi kubeba abiria kati ya Mwanza na Bukoba baada ya kukarabatiwa na serikali ya Tanzania. Kabla yake, mnamo 2019, MV Uhuru ilikuwa imefufuliwa Kisumu baada ya kukaa miaka mingi bila kazi, ili ibebe mafuta kwenda Uganda. Hizo zilifufuliwa kwa fedha za serikali, kwa sababu bado zina mizigo ya kubeba, nami nazifurahia. Lakini meli ndogo za mvuke zilizozitangulia, zile zilizobebwa vipande hadi ziwani, hazikupata chama cha kuzinunua kwa pauni moja wala kwa shilingi. Hapa kwetu harambee imejenga madarasa, zahanati na makanisa, na imewapeleka vijana vyuoni ng'ambo. Sijasikia harambee ya meli. Huenda mtu akasema tuna shida nyingi kuliko chuma kikuukuu, na hoja hiyo ni nzito. Naomba tu tukumbuke kwamba wale wa Glasgow waliochanga mwaka 1975 hawakuwa matajiri, na viwanda vyao vya meli vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Wengine kati yao walikuwa watu wa viwanda hivyo hivyo. Kilichokuwa kinauzwa kwa pauni moja kilikuwa kazi ya mikono yao.

Na Maid of the Loch je? Januari 2019 walijaribu kuivuta kutoka ziwani kwa njia ya mteremko iliyo pale Balloch, ili tumbo lake likaguliwe. Ilipokuwa nusu imetoka, kitu kikakatika, meli ikateleza kurudi majini mbele ya watu waliokuja kushangilia. Unaweza kufikiria kimya kilichofuata. Walikarabati vyombo vyao, wakangoja, wakajaribu tena mwaka 2021, na safari hii ikapanda yote hadi nchi kavu. Ndipo kazi ya kugonga kutu ikahamia chini ya meli, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepafikia kwa miaka mingi. Injini yake bado iko ndani. Boila zilishaondolewa zamani, na bila boila hakuna mvuke, kwa hiyo mpango wao ni kuipatia boila mpya pesa zikitimia.