Hazina Iliyomo katika Majitaka ya Wanga

Neno 'wanga' linapotajwa, huenda fikra za mwanafunzi wa Kiswahili zikaelekea kwanza kwa wachawi wa usiku. Makala haya yanahusu wanga wa pili, yaani ule unga mweupe unaotuama baada ya viazi au muhogo kukunwa na kukamuliwa. Aidha, yanahusu hasa maji yanayobaki juu yake, ambayo kwa muda mrefu yalimwagwa tu.

Tuchukue mfano wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, ambako wanga wa viazi mbatata umetengenezwa viwandani tangu miaka ya 1840. Takriban robo tatu ya uzito wa kiazi ni maji, na ndani yake mna protini, asidi-amino, sukari na chumvi za potasiamu. Viwanda vilichukua wanga vikayaachilia maji hayo mifereji. Bakteria wakala virutubishi na kuimaliza oksijeni. Samaki wakafa, povu likatanda, na uvundo ukawakera wakazi kwa miongo mingi ya karne ya 20. Ajabu ni kwamba kilichoichafua mifereji hakikuwa sumu ngeni bali chakula.

Suluhisho la awali lilikuwa joto. Yeyote aliyechemsha viazi ameliona povu jeupe likipanda sufuriani: sehemu yake ni protini iliyoganda. Kiwandani, majimaji hutiwa asidi kidogo, hupulizwa mvuke, na protini huganda mithili ya ute wa yai, kisha hutengwa na kukaushwa. Hata hivyo, protini iliyogandishwa hivyo haiyeyuki tena majini, nayo ni chungu. Ndiyo maana hulishwa mifugo zaidi. Maji yaliyosalia huvukizwa yakawa mbolea yenye potasiamu.

Mbinu iliyoingia viwandani katika mwongo wa kwanza wa karne ya 21 haihitaji kuigandisha protini kwa moto. Majimaji hupitishwa katika minara yenye chembe za rezini. Protini hunata kwenye chembe hizo, maji yakapita. Kiwango cha asidi kikibadilishwa, protini huachia. Kwa kuwa umbo lake halijavurugwa, patatini, ambayo hukaribia asilimia 40 ya protini yeyukaji ya kiazi, huweza kutoa povu na kushikamanisha chakula kama yai lifanyavyo. Sharti solanini na chakonini, zile sumu chungu za viazi, ziondolewe kwanza. Bila hatua hiyo, kazi yote ni bure.

Je, twaweza kuihamishia mbinu hii kwenye muhogo wetu? Si vivi hivi. Muhogo una protini haba mno, na maji yake hubeba linamarini, ambayo huzaa sianidi mara mizizi inapokunwa. Akamuaye muhogo kando ya kijito hana budi kuyazuia maji hayo kabla hayajanywewa na ng'ombe wa jirani. Nchini Thailand, viwanda vingi huyaozesha majitaka ya muhogo katika mabwawa yaliyofunikwa, na gesi ipatikanayo huchomwa ili kukaushia wanga uleule.