Na Sisi Tulikuwa Wakimbizi

Idi Amin alipong'olewa Aprili 1979, watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walijua kisasi kingewafikia, maana Amin alihesabiwa mtoto wa Koboko, huko huko. Kikafika. Tangu Oktoba 1980, jeshi la serikali mpya lilipoingia, Wakakwa na Walugbara walikimbilia Yei, kusini mwa Sudan, na upande wa Zaire (sasa Kongo). Julai 2016 vita vilipopamba moto Sudan Kusini, njia ilikuwa ile ile ila wasafiri walibadilika: safari hii watu wa Yei ndio walioingia Koboko, na wakapokewa.

Nadharia za wema hupimwa vizuri mahali kama hapa. Mwaka 1964 mwanabiolojia W. D. Hamilton alieleza kwamba kiumbe humfaa ndugu yake kwa kuwa wanashiriki jeni. Hilo linawaeleza Wakakwa, kabila lililokatwa na mipaka ya nchi tatu, lakini halielezi Mlugbara wa Arua kumkaribisha Mnuer wa Sudan Kusini. Robert Trivers, mwaka 1971, akaongeza nadharia ya nipe nikupe: nakusaidia leo kwa sababu kesho tutaonana tena. Sawa, ila aliyekupa pa kulala Yei mwaka 1981 huenda ameshazikwa, na anayebisha hodi leo humjui.

Mimi naegemea kwa wanasaikolojia Ervin Staub na Johanna Vollhardt, wanaosema mateso yenyewe yaweza kuzaa ukarimu, hasa kwa aliyepata wa kumshika mkono alipokuwa taabani. Huko West Nile utasikia mara nyingi: "Na sisi tulikuwa wakimbizi." Koo zilitoa ardhi yao ya jadi bila kodi, huku zikitarajia shule, zahanati na visima. Je, matarajio hayo yanafuta wema? Sioni hivyo. Mwenye shamba ana watoto pia.

Tusiwafanye malaika, hata hivyo. Barbara Harrell-Bond, aliyewachunguza wakimbizi wa Uganda huko Yei miaka ya 1980, aliandika katika *Imposing Aid* (1986) jinsi dhiki ya muda mrefu ilivyomomonyoa hata wajibu wa jamaa kwa jamaa. Na Septemba 2020, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, West Nile, ugomvi wa kuteka maji kati ya wenyeji na wakimbizi uligeuka mapigano, wakimbizi kumi wakauawa. Walikuwa majirani. Kilichopungua ni maji.

Ndiyo maana naiona kanuni ya Uganda ya kuelekeza asilimia 30 ya misaada kwa wenyeji kuwa saikolojia nzuri kuliko mahubiri mengi. Utafiti wa Yang-Yang Zhou na wenzake, uliotoka 2023, ulikuta maeneo ya Uganda yaliyo karibu na makazi makubwa ya wakimbizi yamepata huduma bora zaidi, na wenyeji hawakuwageuka wageni. Lakini tangu 2020 mgawo wa chakula umekatwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha. Wafadhili wanaousifu ukarimu wa West Nile waanze kwa kuuchangia.